Visima vya mafuta Lokichar vimeuzwa, madeni yetu yameachwa mlangoni

Wadau, nimenyamaza vya kutosha. Nimetoka kwenye ofisi moja leo asubuhi kudai deni langu, sitaitaja, nimeambiwa hivi: "Hayo mambo ni ya waliokuwepo zamani, watafute wao." Zamani! Daftari la deni ninalo mkononi!

Nianzie mwanzo kwa wasiojua. Mimi ni wa hapa Lokichar, Turkana Kusini, kaskazini mwa Kenya. Machi 2012 Rais Kibaki alitangaza kwamba kampuni ya Tullow imepata mafuta kisima cha Ngamia 1. Wazee hawakushangilia sana. Waliwakumbuka Shell waliochimba Loperot mwaka 1992, wakayaona mafuta, kisha wakafunga virago. Sisi vijana tukawaona wazee waoga. Vikafuata visima vya Twiga, Ekales, Amosing, mji ukajaa magari, na kila mwenye kiploti akaanza kujenga.

Na mimi nikajenga. Nilikopa kwenye chama, baba akauza mbuzi 40, nikasimamisha vyumba sita vya mabati na jiko. Mkandarasi mmoja mdogo aliyeletwa na Tullow akachukua vyumba vinne pamoja na chakula cha vijana wake. Kila jioni msimamizi wao alitia sahihi kwenye daftari: sahani ngapi, vitanda vingapi. Miezi mitatu ya mwisho sikuona hata shilingi. Mwaka 2020 kazi zikasimama, wakaondoka, simu ikazimwa. Magodoro mawili bado yamo kwenye nailoni yake. Baba hajawahi kuniuliza juu ya mbuzi wake, na hilo ndilo linaniuma kuliko yote.

Sasa angalieni mafuta yenyewe yalivyohudumiwa. Mafuta ya Turkana yana nta nyingi, yakipoa yanaganda. Kwa hiyo malori yalipoanza safari ya Mombasa mwaka 2018, yalibeba matangi maalumu ya kutunza joto, zaidi ya kilomita 1,000 za barabara. Agosti 2019 shehena ya kwanza ikaondoka bandarini, na Rais Uhuru akatuambia ni mapipa 200,000 kwa dola milioni 12. Sawa. Pale karibu na kwetu kuna tangi jeusi la plastiki ambalo boza la maji lilikuwa likilijaza. Boza halijaja tangu kazi zisimame. Bomba lake limekauka, mbuzi wanalilamba. Mama yangu amerudi kuchimba mchanga wa laga, ule mto mkavu, kwa kibuyu, anasubiri maji yajikusanye, mtungi mmoja unamla saa nzima. Mafuta yalipata matangi ya joto hadi baharini, mama hajapata boza.

Wakati huo visima vinabadilisha wenyewe tu. Mwaka 2023 wabia wa Tullow, Africa Oil na TotalEnergies, walijitoa. Mwaka 2025 Tullow nayo ikaiuzia kampuni ya Gulf Energy, bei inatajwa kuwa angalau dola milioni 120. Kuuza si kosa. Lakini mnunuzi huhesabiwa visima, ramani, hata vipande vya miamba vilivyotolewa chini. Ahadi tulizopewa kwenye mabaraza chini ya mti, nani alizihesabu? Kila anayeingia anatuomba subira upya kana kwamba hatujawahi kusubiri.

Na ile asilimia ya jamii kwenye mapato ya mafuta msinitajie. Mswada wa kwanza ulitupa 10. Uhuru alikataa kuutia sahihi, na sheria ya 2019 ikatoka na 5 kwa jamii, 20 kwa kaunti, nyingine zote Nairobi. Hata hiyo 5 ilikuwa ikingoja bomba la kwenda Lamu, kilomita 800 na zaidi, ambalo halijalazwa hata futi moja. Uganda walichagua kupitisha mafuta yao njia ya Tanga, Tanzania, tangu 2016, wakatuacha na bomba la peke yetu.

Sasa tumeletewa tarehe mpya ya mafuta kuanza kutoka na watu wameanza tena kuulizia ploti. Jirani yangu juzi ameagiza mabati. Nilimwonyesha daftari langu, akaniambia nina roho mbaya.

Kama humu kuna mwanasheria, naomba anijibu kitu kimoja: mkandarasi akitoweka na kampuni iliyomleta ikauza hisa zake, deni linamfuata nani? Kurasa ni 11. Sahihi zote zipo, na tarehe.