Naomba ushauri: sehemu ya kumi ya bakteria mmoja inazaa kwenye modeli yangu ya faji

Wakuu, salaam. Namhitaji anayeijua kalkulasi, au aliyewahi kushika faji (virusi wanaoua bakteria) maabara.

Natengeneza modeli ya kihesabu ya tiba ya faji dhidi ya bakteria aina ya Pseudomonas aeruginosa sugu kwa dawa, ndani ya mililita 1. Naanza na bakteria milioni 10. Kila anayeambukizwa hupasuka baada ya dakika 30 na kutoa faji 100. Usugu dhidi ya faji nimeuweka utokee mara 1 kwa kila migawanyiko milioni 100.

Sasa hapo ndipo nilipokwama. Milinganyo inanipa bakteria sugu 0.1 hivi, kitu kisichokuwepo duniani, halafu hiyo sehemu ya kumi inazaana mpaka inajaza chombo! Nimepunguza hatua ya muda, nimebadili njia ya kukokotoa, wapi.

Je, nikate tu, kila kinachoshuka chini ya 1 kiwe sifuri, au nihamie njia ya bahati nasibu ya Gillespie (inayoiga kila tukio moja moja)? Faji wakifika bilioni kompyuta yangu inalala kabisa. Inakubalika bakteria sugu peke yao wakaenda kwa bahati nasibu, wengine wakabaki kwenye milinganyo?