Kepu ya tandala (ngozi ya mbele: kichwa, shingo na mabega) mmeikata fupi, halafu mnadai pozi la nusu mwili. Mtamlaumu fundi anayewavika wanyama ngozi kwa ajili ya maonyesho mpaka lini?

Wakuu, uzi huu nauelekeza kwa wawindaji bingwa, wachunaji wa kambini, mawakala wanaoleta wateja, na wateja wenyewe. Kesi ni ileile kila msimu na inachosha.

Mteja anapiga tandala mkubwa dume, mzee, pembe zimezunguka mara mbili na nusu. Ngozi inachunwa, inapigwa chumvi, inakunjwa, inasafirishwa. Miezi inapita. Siku moja mteja huyo, akiwa kwao Texas au Ujerumani, anatuma picha kwenye simu: nataka pozi hili, nusu mwili, lisimame sakafuni, shingo imegeuka inatazama nyuma. Fundi anafungua mzigo, anailoweka kepu, anaitandaza mezani. Imekatwa vidole vinne nyuma ya kwapa! Ngozi ya mbavu haipo. Na anayetukanwa mtandaoni kwamba hajui kazi ni nani? Ni fundi, ambaye hakuwepo porini wala hakushika kile kisu.

Pozi linaamuliwa pale mnyama alipolala, kabla ngozi haijaguswa. Karakana inapokea tu yale mliyoyaamua, mkijua au bila kujua.

Tuanze na mkato wa kuzunguka mwili, maana ndio unaoua kazi nyingi. Kichwa cha kawaida cha ukutani chenye mabega kinataka mkato upite angalau sentimita 20 nyuma ya bega. Nusu mwili, iwe ya ukutani au ya kusimama sakafuni, inataka mkato ufike ubavu wa mwisho. Mteja hajaamua? Kateni kwenye ubavu wa mwisho. Ngozi ya ziada fundi anaipunguza kwa mkasi, dakika mbili imekwisha, lakini iliyopungua hakuna dawa ya kuiotesha. Na msituambie tutafute kepu nyingine ya kuungia. Hii ni Tanzania, nchi yenye Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya mwaka 2009, na kila nyara lazima iwe na vibali vyake. Ngozi ya mnyama mwingine haiokotwi tu stoo.

Miguu ya mbele: zungusha kisu juu kidogo ya goti, pasua upande wa nyuma wa mguu, panda nao mpaka kwapani, kisha rudi nyuma ukutane na mkato wa mwili. Kidarini kisu kisikanyage kabisa. Kidari ndicho kinachomtazama mtu anayekaa chini ya kile kichwa, na mshono wa pale hauna pa kujificha. Mgongoni ni mstari mmoja juu ya uti, unapanda ukosini mpaka kati ya masikio, halafu unagawanyika kama herufi Y kwenda kwenye shina la kila pembe. Makali ya kisu yatazame juu, yapite chini ya ngozi yakitokea ndani, ili manyoya yagawanyike badala ya kukatwa. Tandala ana singa ndefu ukosini. Ukizikata ukiwa juu, unaacha njia ya upara ambayo hakuna rangi itakayoifunika.

Sasa suala la kuchinja. Nalisema kwa heshima, maana nyama inaliwa na watu na dini ni dini. Lakini mkato wa kooni ukishapita kwenye mnyama wa kichwa, yaani yule atakayetundikwa, umeshachagua pozi kwa niaba ya mteja. Kichwa kilichoinuliwa kinavuta ngozi ya koo, na mshono unaonekana kama mkanda. Inabaki kushusha kichwa ili koo lijikunje, ndevu ndefu za shingoni zisaidie kuficha. Basi mwindaji bingwa akae na watu wake kabla gari halijatoka kambini, wakubaliane ni mnyama yupi wa kitoweo na yupi wa kichwa. Hilo ni jukumu lake, asimwachie kijana mwenye kisu aamue mwenyewe jua likizama.

Kuburuta ndiyo balaa lingine. Mnyama akifungwa kamba na kuvutwa mita 100 kwenye changarawe, manyoya ya bega moja yanakatika mashinani. Fundi mwenye akili anajaribu kuokoa kwa pozi: anageuza shingo ili upande mzima utazame sebuleni na upande uliochubuka ubaki kwenye kivuli cha ukuta. Anaweza kufanya hivyo tu kama anajua mapema upande upi umeharibika, na kama mteja hajaahidiwa mgeuko wa upande mwingine. Mnyama abebwe, au alazwe juu ya turubai ndipo avutwe. Tundu la risasi nalo liandikwe: limeingia wapi, limetokea wapi.

Hapo hapo kuna ugomvi wa kushoto na kulia. Kushoto kwenye kazi hii ni kushoto kwa mnyama, siyo kwa mtazamaji. Kichwa kilichogeuka kushoto kwake, wewe uliyesimama mbele unakiona kinatazama kulia kwako. Wakala anaandika "kushoto" bila kuuliza, fundi anatengeneza kushoto, na mteja ananing'iniza pembeni mwa chumba akakuta tandala wake anaukodolea macho ukuta. Kiunzi cha povu gumu kikishavikwa ngozi na gundi ikakauka, hakigeuzwi. Mwulizeni mteja ukuta uko wapi, mlango uko wapi, na anataka mnyama amtazame nani.

Na dari, jamani! Tandala siyo kulungu wa Marekani. Vitabu vingi vya mapozi ambavyo wateja wanachagulia vimejaa yule kulungu mwenye mkia mweupe, pembe zake unazimudu kwa mikono miwili. Pembe za tandala dume zinapita mita 1, zinapanda na kulala kwa nyuma. Ukimwinua pua, kama anavyofanya akipenya vichakani, ncha za pembe zinaenda kugonga ukuta. Ukimweka wima kabisa, kuanzia chini ya kidari mpaka ncha za pembe unapita mita 1.6, na nyumba nyingi za wateja zina dari ya mita 2.4. Maana yake kidari kinaning'inia usawa wa meza. Kwa ukuta wa namna hiyo, pozi linalokubali ni shingo ya mshazari, kichwa sawa au kimeshuka kidogo, kimegeuka kiasi ili mizunguko ya pembe zote mbili ionekane. Anayetaka shingo wima aonyeshe kwanza urefu wa ukuta wake kwa tepu.

Vipimo ndivyo hamleti kabisa, na hapa nina hasira zaidi. Tepu ya fundi cherehani ni bei rahisi. Pima kutoka kona ya mbele ya jicho hadi ncha ya pua. Pima mzunguko wa shingo nyuma tu ya masikio na taya, kisha katikati ya shingo, kisha inapoungana na mabega. Ukishachuna, rudia ile mizunguko mitatu kwenye nyama tupu, maana hiyo ndiyo inayochagua kiunzi. Bila vipimo, fundi anakisia kwa ngozi iliyokauka na chumvi, nayo inadanganya. Kiunzi kikizidi, mshono wa ukosini unavutwa na kufunguka ngozi inapokauka. Kikipungua, unapata mikunjo ambayo mnyama hai hana. Na pozi la mgeuko mkali ndilo linaloadhibu zaidi: upande wa nje wa shingo unadai ngozi, upande wa ndani unaisukuma, na kwenye lile bonde kati ya shingo na bega ngozi inaachana na gundi, inabaki wazi kama ngoma. Ukigonga kwa kidole unaisikia.

Fuvu msilikate kwa msumeno ili kupunguza mzigo. Leteni zima, maana mlalo wa pembe unasomwa pale. Likikatwa juu mno, fundi anazipachika pembe kwa kukisia, na pozi zima linaonekana la mnyama mwingine.

Chumvi mnaijua, sitarefusha: laini, kilo moja kwa kila kilo ya ngozi, ibadilishwe baada ya siku moja, ngozi ianikwe kivulini penye upepo. Juani inaungua na haitarudi kulainika. Ila masikio mnayaacha! Tandala ana masikio makubwa, na pozi la mnyama aliyeshtuka linayatanguliza mbele. Yasipogeuzwa ndani nje mpaka nchani chumvi haifiki, bakteria wanakula, na manyoya ya ncha yanatoka yakiwa kwenye dawa ya kuhifadhia ngozi. Mtu anafungua pipa, anaona sikio lina upara, pozi la kushtuka limekufa hapo.

Kuna jambo la macho ambalo ni la mafundi wenzangu, na humu nawalaumu pia. Mboni ya jamii ya swala, tandala akiwemo, ni ya mlalo na inabaki sawa na ardhi hata kichwa kikishuka. Mnaoifuata mistari ya uso kwenye pozi la kichwa chini mnatoa mnyama mwenye macho yaliyopinda.

Kambi zote zifunge kadi moja kwenye kila kepu: vipimo vyote, upande uliochubuka, njia ya risasi, pozi alilotaja mteja na mgeuko kwa kushoto au kulia kwa mnyama, pamoja na picha za pande zote zilizopigwa kabla ya kuchuna. Na anayetaka kufungua uzi wa kumchafua fundi humu, aweke kwanza picha ya kepu imetandazwa, tepu ikiwa juu yake, kutoka bega mpaka pale kisu kilipoishia.