Mjadala: Je, Korea ilimharakisha mno Casey Phair?

Mtazamaji wa Ilala:
Ndugu zangu, naomba tulijadili suala ambalo limenikaa moyoni kwa muda mrefu. Tarehe 25 Julai 2023, mjini Sydney, Korea Kusini ikiwa nyuma kwa mabao 2-0 dhidi ya Kolombia, kocha Colin Bell alimwingiza mshambuliaji Casey Phair katika dakika ya 78. Binti huyo alikuwa na miaka 16 na siku 26, umri mdogo kuliko wa mchezaji yeyote, wa kike au wa kiume, aliyewahi kucheza Kombe la Dunia hadi siku ile. Januari iliyofuata alisajiliwa na Angel City ya Los Angeles kwa mkataba wa hadi mwaka 2026. Mimi nasema aliharakishwa. Angeachwa akomae na wenzake wa rika lake, na sikuona ulazima wa kumtwika mzigo ule mtoto ambaye hata hakukulia Korea. Alifuatwa Marekani kama mtu anavyoazima jembe kwa jirani mvua zikikaribia.

Mama Wawili:
Ndugu Mtazamaji, nimeisoma hoja yako ya umri, lakini nimekwama kwenye jembe. Casey Phair amezaliwa Korea, mama yake ni Mkorea na baba yake ni Mmarekani, na alihamishiwa Marekani angali mchanga. Anaazimwaje mtu kwenda kwao? Naandika kwa uchungu kwa sababu binti yangu, ambaye baba yake si wa hapa, alikwenda kwenye majaribio ya timu ya vijana, na mmoja wa waliokuwa wakiandika majina akamwuliza mwenzake mbele yake, "Huyu naye ni wetu?" Mtoto alikuwa ameinama anafunga kamba za viatu, alifunga kiatu kimoja, cha pili akakiacha vilevile, akaja kukaa karibu yangu. Phair ndiye mchezaji wa kwanza mwenye asili mbili kuchaguliwa katika kikosi cha wanawake cha Korea cha Kombe la Dunia, kwa hiyo usidhani swali hilo halikumfikia.

Kocha wa Mchangani:
Mama Wawili, pole sana kwa yaliyomkuta binti. Naomba nirudi kwenye umri. Korea haikuanza jana kuwaamini watoto: Ji So-yun, aliyekuja kuwika Chelsea kwa miaka minane, alivaa jezi ya taifa mwaka 2006 akiwa na miaka 15, na Park Eun-sun alikwenda Kombe la Dunia la 2003 akiwa na miaka 16. Kinachonitisha mimi ni magoti. Yeo Min-ji aliwapa Korea ubingwa wa dunia wa chini ya miaka 17 huko Trinidad na Tobago mwaka 2010, akafunga mabao 8, akachukua tuzo ya mchezaji bora na ya mfungaji bora, kisha goti likamtesa miaka mingi na kumkosesha Kombe la Dunia la 2015. Yeye alikuwa anacheza na rika lake kabisa. Kwa hiyo kukaa na wenzake si kinga, na Phair alipovunja ile rekodi kwenye mechi ya Ujerumani alikuwa tayari ana nguvu za mtu mzima.

Mtazamaji wa Ilala:
Kocha, rekodi ilivunjwa kwenye mechi ya Kolombia, kama nilivyoandika mwanzo kabisa. Iliyokuwepo ni ya Ifeanyi Chiejine wa Nigeria, ya mwaka 1999, na tofauti yao ni siku nane tu. Mama Wawili, mimi sikutukana uzao wa mtu na sipendi kuandikwa hivyo. Nilikuwa nawasemea wasichana wanaosota katika ligi ya nyumbani, maana Korea ina WK League tangu 2009, halafu nafasi anapewa aliyekuzwa kwingine.

Mzee wa Songea:
Waliofuatilia Serengeti Girls, timu yetu ya wasichana wa chini ya miaka 17, kwenye Kombe la Dunia la rika hilo kule India mwaka 2022 wanakumbuka Kolombia walivyotutoa robo fainali kwa mabao 3-0. Katika kikosi kile cha Kolombia alikuwamo Linda Caicedo. Huyo huyo, akiwa na miaka 18, ndiye aliyefunga bao la pili dhidi ya Korea siku Phair alipoingia. Sijasikia mtu akisema Caicedo aliharakishwa. Nadhani tunamwonea huruma Phair kwa sababu timu yake ilikuwa inafungwa, na huruma hiyo tunaiita hoja.

Kocha wa Mchangani:
Nakubali kosa la mechi. Lakini mechi ya Ujerumani pale Brisbane irudieni kuitazama, kwa sababu siku hiyo Phair alianza. Dakika za mwanzo kabisa alipenya nyuma ya mabeki, akapiga, mpira ukagonga mwamba. Hakushika kichwa; aligeuka akarudi mbio kukaba. Muda mfupi baadaye Cho So-hyun akafunga, mechi ikaisha 1-1, na Ujerumani ikaaga mashindano katika hatua ya makundi kwa mara ya kwanza. Oktoba mwaka huohuo aliifunga Thailand mabao matatu katika ushindi wa 10-1.

Mtazamaji wa Ilala:
Thailand si kipimo, Kocha. Hata hivyo, Mama Wawili, neno la jembe naliondoa, na naomba radhi kwako na kwa binti. Ila la umri silirudishi nyuma: mkataba wa kulipwa kwa mtoto wa miaka 16 bado naona ni mapema mno.

Mama Wawili:
Nimepokea radhi, ndugu yangu. Kuhusu mkataba, mwaka 2021 Olivia Moultrie alilazimika kwenda mahakamani Marekani akiwa na miaka 15 ili tu aruhusiwe kusajiliwa katika ligi hiyohiyo ya Angel City, na aliruhusiwa. Wasichana wenyewe ndio walioubisha mlango huo. Binti yangu amerudi mazoezini Jumamosi iliyopita, kwa timu nyingine.