Rubani ana kikomo cha miaka 65, rais hana. Ni sawa?

Wakuu, salaam. Juzi nimerudia kuangalia kipindi cha zamani cha Star Trek, ile tamthilia ya TV ya safari za anga za juu, kiitwacho "The Deadly Years", kilichorushwa Marekani tarehe 8 Desemba 1967. Tangu hapo swali moja haliniachi.

Kwa ambao hamjakiona: Nahodha Kirk wa chombo cha anga na wenzake wanashuka kwenye sayari kukagua kituo cha utafiti, wanakuta vijana wasiofika miaka 30 wamekuwa vikongwe. Chanzo ni mnururisho wa nyotamkia iliyopita jirani. Wakirudi chomboni, nao kila siku wanazeeka miaka 30. Kirk ana miaka 34. Anaanza kwa bega kuuma, ghafla baridi yabisi, halafu anarudia amri aliyokwisha kutoa na kusahau karatasi aliyoisaini mwenyewe. Mmoja wao, Chekov, peke yake hadhuriki, kwa kuwa aliona maiti akashtuka vibaya na adrenalini ikamkinga. (Kumbe woga nao dawa!)

Abiria mmoja mwenye cheo kikubwa, Stocker, anadai kiitwe kikao cha kupima kama nahodha bado anafaa. Kirk anavuliwa uongozi, Stocker anaushika yeye.

Mwaka huohuo wa 1967, mwezi Februari, Marekani iliridhia Marekebisho ya 25 ya katiba. Sehemu yake ya 4 inamruhusu makamu wa rais pamoja na mawaziri walio wengi kumweka kando rais asiyeiweza kazi. Mpaka leo haijatumika hata mara moja. Biden mwaka 2024, akiwa na miaka 81, alijitoa kugombea kwa shinikizo la chama chake, hakuitwa kwenye kikao chochote. Jirani zetu Uganda waliondoa kikomo cha miaka 75 kwa wagombea urais mwishoni mwa 2017. Lakini rubani wa ndege ya abiria ya kimataifa akigonga 65 anateremka, awe mzima kiasi gani.

Mimi nasema kikomo kiwepo, hiyohiyo 75, tena kiandikwe kwenye katiba. Karibuni.

Mzee wa Gati
Mwanangu, mimi nina 71 na bado nasoma gazeti bila miwani. Huyo aliyeigiza Kirk, William Shatner, alikuwa na miaka 36 wakati wanampaka uzee usoni. Oktoba 2021 alipanda roketi ya kweli akiwa na miaka 90. Kwa namba yako angebaki nyumbani kulea wajukuu.

Kinyozi
Mzee, shikamoo. Shatner alikuwa abiria, hakuendesha roketi!

Nesi wa Zamu
Mleta mada umeishia njiani. Stocker hakuwahi kuongoza chombo kama kile. Kwa haraka zake anakatiza eneo la mpaka na maadui wao, Waromulan, wanashambuliwa, yeye anababaika. Na mwendesha kikao alikuwa Spock, msaidizi mkuu wa Kirk, ambaye naye alikuwa anazeeka.

Kuna jambo la Msimbo wa 2 pia, yaani namna ya siri ya kuandika ujumbe. Kirk mzee anaagiza ujumbe utumwe kwa msimbo huo, anakumbushwa kwamba maadui wameshauvunja. Alikuwa amesahau. Akishatibiwa anaagiza msimbo uleule, Uhura, ofisa wa mawasiliano, anashtuka, kumbe safari hii ni makusudi: anataka maadui wausome uongo wake wa kwamba chombo kitalipuka na wao. Amri moja, mara ya kwanza usahaulifu, mara ya pili ujanja. Wodini nayaona hayahaya. Mgonjwa anaweza kukosea tarehe ya leo lakini akakueleza shamba lake lina mipaka gani, na hakosei.

Rubani naye usimtoe mfano nusunusu. Akivuka 60 anapimwa afya kila miezi sita, na pembeni yake kuna rubani mwenzake. Hayo ndiyo ningeyadai kwa rais kabla ya kikomo.

Mleta mada
Dada Nesi, hapo umenibana, nakubali. Ila nani atampima? Daktari wa Ikulu anateuliwa na nani? Mawaziri wanateuliwa na nani? Spock angalau alithubutu kumuuliza bosi wake maswali mbele ya watu, na bosi akakaa akajibu. Mtafutie rais wako Spock wake, mimi nitakifuta kikomo changu leo hii.

Mzee wa Gati
Marahaba Kinyozi. Haya mwanangu, weka hiyo 75 yako. Lakini huyo Stocker mimi simpi kura.