Mbunge akisema Rais anaweza kushtakiwa na Bunge, ana kosa? Naomba ushauri

Mtoto wa Makole: Wakuu, habari za jioni. Niko Dodoma mjini, usingizi umenikimbia. Kuna mbunge namfahamu kwa karibu, wa chama kinachotawala. Alisema mbele ya watu wachache kwamba Bunge lina haki ya kumshtaki Rais, na hoja ikiletwa yeye ataiunga mkono. Je, hilo ni kosa? Na aliyemsikia akinyamaza? Matusi hapana, naomba ushauri.

Asiye na Joho: Si kosa. Soma ibara ya 46A ya Katiba, kichwa chake ni "Bunge laweza kumshtaki Rais". Kinachohitajika ni taarifa ya maandishi kwa Spika siku 30 kabla, yenye saini za wabunge wasiopungua asilimia 20 ya wote. Hapo linapigiwa kura, bila majadiliano, suala la kuunda Kamati Maalum ya Uchunguzi, na lazima ipatikane theluthi mbili ya wabunge wote. Mwenyekiti wa kamati ni Jaji Mkuu. Ikishaundwa, Rais anakaa pembeni. Kamati ina siku zisizozidi 90, Rais ana haki ya kujitetea, kisha theluthi mbili tena ndipo aondolewe. Huo mlima haupandwi kwa maneno ya sebuleni.

Zabibu za Hombolo: Mimi nimehudumia hoteli moja mjini misimu ya Bunge la Bajeti. Usiku mtu anamfukuza waziri mzima kwa mdomo, asubuhi anagonga meza "ndiyooo". Halafu Bunge likianza gesti za Nkuhungu zinapanda bei, hilo ndilo mngelijadili.

Mama Kondoa: Mwanangu, "kwa karibu" ni karibu kiasi gani? Kasema yeye, mbona jasho linakutoka wewe?

Mtoto wa Makole: Shikamoo mama. Ni mjomba wangu, tumbo moja na mama. Ilikuwa arobaini ya bibi, Mpwapwa. Watu walianza na habari za Gachagua, Naibu Rais wa Kenya, kuondolewa Oktoba 2024, mjomba akasema na sisi tunayo ibara yetu, haikuwekwa ipambe kitabu. Akasema saini kumi zinatosha, zitapatikana. Ninayo sauti.

Mama Kondoa: Ulirekodi msibani? Arobaini ya bibi yako?

Mtoto wa Makole: Kura za maoni zinakaribia na nimeomba udiwani. Kuna bwana wa chama wilayani amesema nikimpa sauti jina langu halitakatwa. Jumatatu nakutana naye. Sioni ubaya, chama ni kikubwa kuliko mtu.

Asiye na Joho: Kumbe swali si la Katiba. Bungeni mjomba analindwa na ibara ya 100, uhuru wa majadiliano. Msibani anayo ibara ya 18, uhuru wa maoni, kama mimi na wewe. Ila mbunge akikoma kuwa mwanachama wa chama chake, kiti kinakwenda. Ndiyo maana bwana yule anaitaka hiyo sauti. Hana haja ya mahakama, anahitaji kikao cha chama tu. Mimi hili linaniuma: ibara imeandikwa wazi, halafu mbunge anaitaja kwa kunong'ona.

Mkulima Kibaigwa: Subirini. Bunge letu lina watu wanaokaribia 400, asilimia 20 ni kama saini 80. Mbunge gani aseme kumi zinatosha? Hii ni chai, tena ina tangawizi.

Zabibu za Hombolo: Nami nimeshtuka. Arobaini, sauti, udiwani, vyote kwa mpigo?

Mtoto wa Makole: Alisema kumi wa kuanzia, wengine watafuata. Kama ni chai usinywe.

Mkulima Kibaigwa: Mwanzo hukusema "wa kuanzia". Labda wewe ndiye huyo bwana wa wilayani, unapima upepo humu.

Asiye na Joho: Iwe chai au isiwe, watu wajue mjomba huyu hasemi uasi. Marekani, Baraza la Wawakilishi linashtaki, Seneti inaamua. Clinton alishtakiwa 1998 akabaki, Trump mara mbili, 2019 na 2021, Seneti ikamwachia. Kule ni mabaraza mawili, hapa Bunge hilohilo linashtaki na kuamua, na theluthi mbili inatakiwa mara mbili. Na hoja ikikataliwa, hairuhusiwi nyingine ndani ya miezi 20.

Mama Kondoa: Katiba nimeielewa. Mwanangu, ada ya shule alikulipia nani?

Mtoto wa Makole: Mjomba. Lakini hilo halihusiani na siasa, mama. Na bwana yule nimeshampa neno langu. Nitaenda kumsikiliza, simu nitaiacha nyumbani.

Mama Kondoa: Kabla hujaenda, mpigie mama yako umwambie unachokwenda kufanya kwa kaka yake.