Wauzaji wa ala za muziki Nairobi, kwa nini mteja haruhusiwi kugusa kabla ya kulipa?

Wadau, uzi huu umefunguliwa kwa hasira na hakuna radhi itakayoombwa humu.

Maduka mengi ya ala hapa mjini, kuanzia vile vyumba vya ghorofani vya River Road hadi yale ya vioo kwenye mall, yana mabango mawili ukutani. La kwanza: bidhaa ikishauzwa hairudishwi. La pili: usiguse. Yasome kwa pamoja uone ujeuri wake. Huruhusiwi kujua unachonunua, na ukishajua huruhusiwi kulalamika. Muuza parachichi soko la Marikiti anakuacha uliminye kidogo kwa kidole, na hilo ni la shilingi chache. Gitaa la maelfu unaonyeshwa likiwa limening'inizwa juu kama nyama buchani, unaambiwa, "Bosi, hiyo ni mpya, iko sawa."

Iko sawa kwa kipimo gani?

Tuanze na gitaa maana ndilo linaloumiza wengi. Gitaa la kiwandani, hasa la bei ya chini, mara nyingi hutoka na nyuzi zikiwa juu. Kiwanda kinajua mbao zitacheza njiani na kwamba duka ndilo litakalomalizia kazi: kupima, kurekebisha chuma kilicho ndani ya shingo, kushusha nyuzi, kutuni. Mzigo unashushwa Mombasa kwenye unyevu, unapandishwa hadi Nairobi, unakaa stoo Januari na Februari hewa ikiwa kavu. Mbao hunyonya maji kisha ikakauka, shingo ikapinda. Hapo kiwanda hakina kosa, ndiyo tabia ya mbao. Mwenye kosa ni anayelitoa kwenye boksi asubuhi na kuliuza mchana bila kulipima. Mwanafunzi analipeleka nyumbani, vidole vinamchanika, baada ya mwezi anaamini hana kipaji. Anacho. Shida ni nyuzi zilizo milimita 4 juu ya freti ya 12 (freti ni vile vijichuma vinavyokatisha shingo, huhesabiwa kuanzia kichwani).

Kupima hakuhitaji mashine. Kadi ya benki ina unene wa milimita 0.76. Tuni gitaa kwanza, kisha shika kadi tatu pamoja uzipitishe kati ya uzi mnene wa E na freti ya 12. Kwa gitaa la akustika la nyuzi za chuma, tatu zikipita kwa kugusagusa, hapo ni kama milimita 2.3 na pazuri. Ya nne ikiingia pia, gitaa linataka marekebisho. Ya tano ikiingia bila kusukumwa, lirudishe ukutani walikolitoa. Upande wa uzi mwembamba nafasi iwe ndogo zaidi, kadi mbili na kitu.

Baada ya hapo angalia shingo. Bonyeza uzi mnene kwenye freti ya 1, na kwa mkono mwingine pale shingo inapokutana na mwili, halafu tazama freti ya 7. Chini ya uzi panapaswa kupita karatasi mbili za fotokopi, tatu zikizidi. Pakiwa na pengo kubwa, shingo imevutwa mbele na chuma kinakazwa kwa ufunguo wa L, robo mzunguko kwa mara moja, kisha unatuni na kupima upya. Fundi anayezungusha mzunguko mzima kwa pupa ndiye anayekata chuma, halafu anasema gitaa lilikuwa feki. Shingo ikiwa imenyooka lakini nyuzi bado ziko juu, kinachopunguzwa ni kile kijiti cheupe kilichochomekwa kwenye daraja, kile kipande cha mbao usoni mwa gitaa zinapoishia nyuzi. Hesabu yake ni mbili kwa moja: ukitaka kushusha nusu milimita kwenye freti ya 12, unasugua milimita nzima chini ya kijiti. Msasa uko kila hadiwea. Ni kazi ya dakika ishirini. Msituambie hamna muda na mchana kutwa mko TikTok.

Kisha kuna hili la nyuzi za chuma kwenye gitaa la klasiki, ambalo peke yake lingetosha mjadala mzima humu. Seti ya nailoni huvuta jumla ya karibu kilo 40. Seti ya chuma ya kawaida ya 012 (unene wa uzi mwembamba kabisa, inchi 0.012) huvuta kilo 70 na ushei. Gitaa la klasiki aghalabu halina chuma ndani ya shingo, na daraja lake limeshikwa na gundi tu. Lifunge nyuzi za chuma, uso utaanza kuvimba nyuma ya daraja, shingo itajikunja, na siku moja daraja litang'oka kwa mlio wa kushtua nyumba nzima. Mteja akirudi nalo anaulizwa, "Ulikaza kiasi gani?" Nani alimfungia nyuzi hizo? Tofauti inaonekana kwa macho: la klasiki lina shingo pana, kama milimita 52 kule juu dhidi ya 43 au 44 za lile jingine, kichwa chake kina matundu mawili marefu, na nyuzi hufungwa fundo kwenye daraja. Asiyeijua tofauti hiyo asiuze hata piki, kile kiplastiki cha kupigia nyuzi.

Fidla nazipita haraka. Fidla kuuzwa daraja likiwa limelala ndani ya mkoba ni kawaida, lakini usikaze nyuzi bila kuangalia kama kile kijiti cha ndani, kinachosimama kati ya uso na mgongo bila gundi, kimebaki wima. Chungulia kwenye matundu ya pembeni. Kikiwa kimeanguka na ukikaza nyuzi, uso unaweza kupasuka. Na ulimbo mpya, ule wa kupaka kwenye upinde, una uso laini kama kioo. Usipokwaruzwa kwanza kwa msasa, upinde unaweza usitoe sauti yoyote. Muuzaji angesema sentensi hiyo moja tu, wazazi wangepumzika.

Umeme sasa. Hapa watu wanapoteza pesa kila wiki.

Kenya ni volti 240. Amplifaya iliyotengenezwa kwa soko la Marekani imeandikwa nyuma 120V 60Hz, na kibodi au mashine iliyotoka Japani imeandikwa 100V. Duka linakata plagi, linaweka ya pini tatu, mteja anadhani umeme umeshabadilishwa. Plagi haibadilishi volti! Ukichomeka ya 120V kwenye ukuta wetu umeipa mara mbili. Ukibahatika, fyuzi inakatika. Usipobahatika, transfoma ya ndani inaungua, na harufu utaijua. Dawa yake ni transfoma ya kushusha, yenye uwezo unaozidi matumizi ya mashine: ya wati 100 usiipe transfoma ya wati 100, ipe angalau 150 hadi 200. Hilo lilipaswa kuandikwa kwenye karatasi ya bei, maana transfoma hiyo ni gharama ya kweli na ndiyo inayofanya "ofa" isiwe ofa.

Adapta za kibodi nazo. "Hii inaingia kila kitu" ndiyo kauli mbovu kuliko zote kwenye maduka ya umeme ya Luthuli. Tundu kulingana haimaanishi umeme unalingana. Kibodi nyingi za Yamaha za PSR-E zinatumia volti 12. Casio kadhaa za siku hizi, volti 9.5. Zote hizo chanya iko katikati. Casio za zamani zilizotumia adapta ya AD-5 ni volti 9 na hasi ndiyo iko katikati, sawa na pedali nyingi za gitaa. Kile kimchoro kidogo cha duara chenye alama ya kujumlisha na kutoa, kilicho kwenye adapta na karibu na tundu la kibodi, ndicho kinachosema ukweli. Vyote viwili vifanane. Volti ziwe zilezile. Ampea za adapta zinaweza kuzidi, zisipungue. Ukikosea alama, ama kibodi haiwaki kabisa, ama inawaka siku hiyo ya mwisho.

Na pedali ya kinanda ikifanya kazi kinyume, sauti inavuta ukiachia na kukatika ukikanyaga, kabla ya kurudi mjini zima kibodi, chomeka pedali, iwashe bila kuikanyaga. Kibodi nyingi husoma pedali wakati wa kuwaka. Duka likishaulizwa hilo, hutaka kukuuzia pedali nyingine.

Kamati za kanisa, hili ni lenu. Spika mbili za omu 8 (omu ni kipimo cha ukinzani wa umeme) zikiunganishwa sambamba ni omu 4. Nne ni omu 2. Amplifaya iliyoandikwa kikomo cha omu 4 ikifungwa spika nne kwenye upande mmoja itazima kwa joto katikati ya ibada, au itakufa. Muuzaji anayewauzia spika za ziada bila kuuliza amplifaya ni ipi hajui anachouza, au anajua na hajali. Wati za PMPO (kilele cha kitambo kidogo tu) zilizoandikwa kwa herufi kubwa kwenye boksi zipuuzeni, tafuteni RMS (nguvu inayodumu). Kisha kebo: ya gitaa ina waya mmoja mwembamba uliozungushiwa wavu wa kuzuia mngurumo, ya spika ina waya mbili nene zisizo na wavu. Jeki zake ni zilezile za milimita 6.35, ndiyo maana zinachanganywa. Kebo ya spika kwenye gitaa hunguruma kama posho mill, na kebo ya gitaa ikipelekewa nguvu za amplifaya hupata moto.

Maiki: zile nyeti za studio ziitwazo kondensa, nyingi hazitoi sauti bila volti 48 kutoka kwenye mikisa, mashine ya kuchanganya sauti. Ukiuziwa hiyo na mikisa yako haina kitufe cha volti 48, haijaharibika, umeuziwa vibaya. Shure SM58 halisi ina uzito wa gramu 298. Bandia nyingi ni nyepesi. Mizani ya jikoni inatosha, ingawa muuzaji atakutazama kama umeenda kupima sukari.

Nyongeza, kwa wazazi wenye watoto wa shule mlioniuliza kuhusu rekoda, ile filimbi ya shuleni.

Rekoda za soprano zinauzwa za aina mbili, na maduka ya vitabu yanazichanganya kwenye ndoo moja: ya vidole vya Kijerumani na ya vidole vya Barok, yaani mitindo miwili ya kuziba matundu. Tazama matundu ya mbele kuanzia juu. Kama la nne ni kubwa kuliko la tano, ni ya Kijerumani. Kama la tano ndilo kubwa, ni ya Barok. Nyingine zina G (German, Kijerumani) au B (Barok) nyuma. Kwa Yamaha, YRS-23 ni ya Kijerumani na YRS-24B ni Barok. Athari yake iko kwenye noti ya F. Kwenye ya Kijerumani unaziba tundu la dole gumba na matundu manne ya kwanza, basi. Kwenye Barok unaongeza la sita na la saba. Mwalimu akifundisha aina moja na mtoto ana nyingine, kila F itatoka imepotoka, darasa litacheka, na mtoto ataambiwa hasikii. Ulizeni mwalimu kabla ya kununua, si baada. Duka linaloshindwa kujibu "hii ni ya Barok au ya Kijerumani?" liacheni.

Nyongeza nyingine, maana kuna anayetetea yale mabango.

Mnasema wateja wakiachiwa waguse wataharibu. Wekeni moja ya kuonyesha kwa kila aina, mkampe mteja hiyo mkononi. Kigoda kimoja. Programu ya kutuni ya bure kwenye simu. Soketi moja inayofanya kazi karibu na kaunta. Mnasema faida ni ndogo. Basi toza ada ya kurekebisha kwa uwazi, wengi tutalipa kuliko kuzunguka mjini tukitafuta fundi.

Na lile bango la "hairudishwi" halina nguvu mnayodhani. Kifungu cha 46 cha Katiba kinampa mnunuzi haki ya bidhaa zenye ubora unaostahili, na haki ya maelezo yanayohitajika ili anufaike nazo. Sheria ya Kulinda Wateja ya 2012 inahesabu kuwa muuzaji ametoa dhamana ya ubora hata kama hakutamka. Mzozo usioisha unaweza kupelekwa Mahakama ya Madai Madogo, inayosikiliza madai yasiyozidi shilingi milioni 1, hulazimiki kuwa na wakili, na kesi inatakiwa kuamuliwa ndani ya siku 60. Lakini kubadili mawazo si kasoro. Ukinunua gitaa jeusi kisha ukatamani jekundu, hapo duka lina haki ya kukukatalia.

Kinachowaangusha wengi ni risiti. "Gitaa 1" haimsaidii mtu yeyote, na ujumbe wa M-Pesa unathibitisha umelipa, hauthibitishi umelipia nini. Mwambie aandike jina la kampuni, modeli, namba ya mfululizo (serial) iliyo nyuma ya kichwa au ndani ya tundu, volti kama ni ya umeme, aina ya nyuzi, na siku za waranti pamoja na kinachofanyika zikitimia kabla ya tatizo kutatuliwa. Yote hayo yanaenea kwenye mistari minne. Akikataa kuandika, rudisha simu mfukoni kabla hujaweka PIN.