Picha 64 za majani, ndege hata mmoja: vindege vya Aprili nivipigeje?

KijanaWaKisauni
Asalam aleikum jamani. Naomba ushauri kabla sijaiuza hii kamera.

Tangu wiki ya mwisho ya Machi kuna vindege vimeingia kwenye mwarobaini ulio nyuma ya nyumba yetu. Si chozi, si chiriku. Mgongo rangi ya zeituni, kifua manjano ya kufifia, na juu ya jicho mstari mweupe-mweupe kama wanja uliokosewa rangi. Rafiki yangu anayetembeza watalii aliniambia hao ni wobla (kwa Kiingereza “warbler”), walikuja kukimbia baridi na sasa wanarudi Ulaya kutaga. Akasema ikifika Mei sitamwona hata mmoja. Basi hapo ndipo kiherehere kiliponipanda.

Jana nilisimama chini ya mti kuanzia saa moja asubuhi hadi saa tatu. Nikapiga picha 64. Nazimwaga kwenye kompyuta: majani. Vijiti vimetoka safi, unahesabu hata sisimizi, na nyuma yake kivuli cheusi chenye mkia. Kamera ni ya mtumba, lenzi ni mm 70 mpaka 300. Shingo imekaza, na mama ameniuliza mara mbili nimepoteza nini huko juu.

Nakosea wapi? Na kuna aliyeniambia niwachezee sauti yao kwa simu watakuja wenyewe. Ni sawa?

FundiLenzi
Kamera usiuze. Lenzi hiyo yatosha, tatizo ni mambo matatu unayoyafanya kwa pamoja.

Kwanza, umeiachia kamera ichague pa kulenga. Yenyewe hushika kilicho karibu, na kilicho karibu siku zote ni jani. Weka nukta moja tu ya katikati, fokasi iwe ya kufuata kinachotembea, na ile nukta iwekee jicho la ndege.

Pili, kivuli cheusi. Unapiga kuelekea mbinguni, na mbingu yetu ya Aprili ni nyeupe kama shuka. Kamera inauona weupe wote ule, inapunguza mwanga, ndege anageuka mkaa. Kuna kitufe chenye alama ya kujumlisha na kutoa. Peleka kwenye +1, hata +1.5. Mbingu itaungua, wacha iungue, hukuja kupiga mbingu.

Tatu, mwendo. Wobla hakai tawi moja sekunde tatu. Shata, yaani kasi ya kupiga, isiwe chini ya 1/1000 ya sekunde, na ISO, yaani wepesi wa kamera kushika mwanga, ipande 1600 au 3200 ukiwa kivulini. Picha itakuwa na chembechembe, lakini chembechembe zina dawa kwenye kompyuta. Ndege aliyetikisika hana.

BiKizingo
Mwanangu, kwa maelezo hayo uliyemwona ni wobla aitwaye kitaalamu *Phylloscopus trochilus*, ndiye mwingi kupita wote msimu huu. Ana gramu kama kumi hivi, na wengine wao wanakwenda mpaka Siberia. Tena umempata wakati mzuri. Ndege huyu hubadilisha manyoya yote mara mbili kwa mwaka, mara moja akiwa huku kwetu kabla ya safari. Wa Aprili amevaa mpya, kama mtoto wa Idi. Ukimpata tazama miguu: ya rangi hafifu, kahawia ya kung'aa.

Ila usianze na macho. Anza na masikio. Mlio wake wa kuitana ni kama mtu anayeuliza, “huu-it?”, unapanda mwishoni. Na asubuhi huimba kabisa ingawa bado yuko ugenini: sauti tamu inayoanza juu na kuteremka, kama maji yanayomwagika ngazini yakaishia chini taratibu. Ukishaijua utagundua yuko miti mitano njiani kwako ambayo hukuwahi kuitazama.

Kuna mwingine wa rangi ya udongo, hana pambo lolote, hujificha vichakani karibu na ardhi. Naye ni wobla, kitaalamu *Acrocephalus palustris*. Huyo ni mwizi wa sauti. Wimbo wake wote ni kuiga ndege wengine, wa Ulaya na wa Afrika. Ukisikia kichaka kimoja kinaimba ndege sita kwa mpigo, kaa hapo hapo.

Mpigapicha_Mtwapa
Mimi sauti za simu natumia na zinafanya kazi. Dakika mbili tu, ndege huyo usoni. Tusitishane.

BiKizingo
Zinafanya kazi ndiyo, hilo sikatai. Anakuja kwa sababu amedhani kuna dume jingine linamnyang'anya mahali. Anaacha kula, anakuja kugombana na simu yako. Na huyu yuko hapa kujaza mafuta ya safari. Kila funza asiyemla kwa sababu yako atamkosa akiwa juu ya jangwa. Kwa ndege mkaazi wa bustanini tungejadiliana. Kwa msafiri, hapana, na nitakwambia hivyo hivyo tukikutana.

Mpigapicha_Mtwapa
Sawa mama, nimenyamaza.

MzeeWaMatanga
Salamu. Mimi kamera sina, nina darubini ya zamani na kiti cha kukunja. Nimesoma yote, lakini naona kijana hajaambiwa la muhimu: atoke chini ya mwarobaini.

Hawa nyuni wafuata kalenda ile ile ya majahazi. Walikuja na kaskazi, na sasa upepo wageuka kuwa kusi, wenyewe waondoka. Husafiri usiku. Kwa hiyo siku nzuri si siku ya jua. Ni ile asubuhi ambayo mvua ya masika imenyesha alfajiri kisha ikakatika. Nyuni waliokuwa angani hushuka popote penye majani, wana njaa, na njaa huondoa woga. Mara nyingi nimewaona wakila usawa wa goti langu.

Mahali? Nenda hifadhi ya Nguuni, hapa hapa Mombasa. Kuna vichaka vifupi na mabwawa, mikoma imesimama mbalimbali, huna haja ya kuvunja shingo. Ndege akiwa usawa wa jicho lako, nyuma yake pana kijani badala ya mbingu, na yale ya FundiLenzi ya kujumlisha mwanga nusu yake yaisha yenyewe. Msitu wa Bamburi, zile mivinje alizoanza kuzipanda René Haller mwaka 1971 kwenye machimbo ya simiti, nao ni mzuri, ila mivinje ni mirefu, utarudi kule kule kwa shingo.

Ukifika usimfuate. Chagua kichaka kimoja chenye wadudu, jua liwe mgongoni kwako, kaa. Wobla huzunguka, atarudi. Ukiona kurabu, wale kunguru, wametua hapo hama, maana walipo wao kidogo chochote chenye mabawa chajificha.

SafariNjema
Mkiwataka kwa wingi wa ajabu ngojeni Novemba na Desemba, loji ya Ngulia kule mbuga ya Tsavo Magharibi. Tangu 1969 watu huwanasa kwa nyavu, wakawavisha pete mguuni na kuwaachia. Usiku wa ukungu usio na mwezi, taa za loji huwavuta chini.

FundiLenzi
Kijana ana mwarobaini na wiki mbili, wewe wampeleka Tsavo mwezi wa kumi na moja 😄

KijanaWaKisauni
Nashukuru sana, na shikamoo mzee. Swali jingine dogo: leo nimetoka nje na kamera, dakika kumi nzima naona ukungu tu ndani ya kioo. Imeharibika?

FundiLenzi
Ulilala na kiyoyozi?

KijanaWaKisauni
Feni. Lakini kamera hukaa ofisini kwa kakangu, na kule kuna baridi ya friji.

FundiLenzi
Ndiyo hiyo. Kioo baridi kikikutana na joto letu la unyevu kinatoka jasho. Usifungue mkoba kwa nusu saa, iache kamera ipate joto humo humo ndani. Na usipanguse kwa shati. Kisha vile vipakiti vya kukausha vinavyokuja ndani ya sanduku la viatu, usivitupe, vijaze mkobani. Hapa pwani fangasi wa lenzi huota kama utando wa buibui, na akishaingia fundi atakutoza karibu bei ya lenzi nyingine. Nawajua mafundi hao kwa sababu mmoja wao ni mimi.

KijanaWaKisauni (siku nne baadaye)
Natoa ripoti. Jana mvua ilinipiga paa tangu saa tisa usiku, ikakatika karibu na adhana ya alfajiri. Saa kumi na mbili na nusu nikawa Nguuni. Nikachagua kichaka kando ya maji, nikakaa juu ya mfuko wa plastiki, suruali ikalowa hata hivyo. Dakika arubaini hakuna kitu, ila ndege mmoja, mbwigu, juu ya mti wa miiba aliyenitazama kama mdai.

Halafu “huu-it?”. Sikugeuka. Akatokea mita nne hivi, chini ya kiuno changu, ana kiwavi cha kijani mdomoni, anakipiga kwenye kijiti kushoto, kulia, kushoto. Mstari wa jicho nauona. Miguu hafifu, naiona. Nikafyatua mfululizo.

Picha 31. Ishirini na nane ni takataka. Mbili ziko sawa ila ameziba uso na kiwavi. Moja jicho liko wazi, lina nukta ya mwanga ndani, na ukucha mmoja umeshika tone la mvua. Nimemwonyesha mama. Akasema, “Kumbe ndiye huyu,” akaenda kuutazama mwarobaini.

MzeeWaMatanga
Iweke hapa tuione basi.